Kondoo wa Mtakatifu Sidwell

Usiku mmoja wa Novemba 1534, mwizi aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa kanisa la Morebath, kijiji kidogo cha Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alipofika juu ya paa aliivuta ngazi, akaisimamisha upya kwenye mnara, akavunja dirisha na kuingia palipokuwa na kengele. Kutoka hapo akateremka hadi ndani ya kanisa. Kulikuwa giza totoro, hivyo akapiga gumegume kwa chuma, akapata mwanga, akayatafuta makasha na kuyavunja. Kulipokucha, wanakijiji waliona kalisi, kikombe cha misa, haipo. Kiatu cha fedha cha Mtakatifu Sidwell nacho kilikuwa kimekwenda. Mwizi aliacha nyuma chuma chake na gumegume.

Hatua hizo za mwizi zinajulikana mpaka leo kwa sababu padri wa kijiji aliziandika kwenye daftari la hesabu za kanisa. Padri huyo aliitwa Christopher Trychay, na kwa kuwa enzi hizo mapadri wa Uingereza waliheshimiwa kwa kuitwa “Sir”, waumini wake walimjua kama Sir Christopher. Alikuja Morebath mwaka 1520 akiwa bado kijana, naye hakuondoka tena. Alifariki mwaka 1574, baada ya miaka 54 katika parokia moja. Katika muda huo aliwaona kwenye kiti cha enzi Mfalme Henry wa Nane, kisha mwanawe Edward wa Sita, kisha Mary, binti wa Henry, kisha Elizabeth, binti mwingine wa Henry, na kila aliyeshika usukani alikuja na amri zake kuhusu namna ya kusali.

Wanahistoria wana nyaraka nyingi za wafalme hao, hotuba za maaskofu wao na barua za mawaziri wao. Sauti ya kijiji ni adimu. Ndiyo maana daftari la Morebath lina thamani kubwa kupita ukubwa wa kijiji chenyewe, ambacho kilikuwa na kaya 33 tu, pembezoni mwa nyika za Exmoor, mahali pa mvua, upepo na kondoo.

Kondoo ndio mwanzo wa habari yote. Kanisa la Morebath, lililowekwa chini ya usimamizi wa Mtakatifu George, halikuendeshwa na bwana mkubwa aliyetoa pesa zake. Liliendeshwa na mifuko midogo midogo ya waumini. Kulikuwa na mfuko wa kanisa lenyewe, mfuko wa Bikira Maria, mfuko wa Mtakatifu Sidwell, mfuko wa Mtakatifu Anthony, mfuko wa taa iliyowashwa kuwaombea marehemu. Kila mfuko ulikuwa na taa yake au sanamu yake ya kutunza, na ili nta ya mishumaa ipatikane, mifuko mikubwa ilikuwa na kondoo wake. Kondoo hao hawakuwa na zizi la kanisa. Walitawanywa katika mazizi ya wanakijiji, kondoo mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, wakafugwa kwa ubia pamoja na kondoo wa nyumbani. Wakati wa kunyoa, sufu yao iliuzwa na pesa zikaingia kwenye mfuko husika.

Mwisho wa mwaka walinzi wa kila mfuko walitoa hesabu mbele ya waumini wote. Kondoo jike wangapi, wanakondoo wangapi, nani anamfuga yupi, yupi amekufa na ngozi yake iliuzwa kiasi gani. Padri ndiye aliyeyaandika haya yote, na aliyaandika ili yasomwe kwa sauti. Ukiyapitia unasikia mdomo wa mtu wa Devon: tahajia imefuata matamshi, sentensi zinakimbia kama mazungumzo, na Kilatini kinachungulia hapa na pale kama mgeni. Pesa zinahesabiwa kwa pauni, shilingi na peni, shilingi 20 kwa pauni moja na peni 12 kwa shilingi moja. Ni shilingi hiyo hiyo ambayo jina lake lilivuka bahari karne kadhaa baadaye na kuwa la Afrika Mashariki.

Vijana wa kiume wasiooa walikuwa na mfuko wao, wenye walinzi wao wa kuchaguliwa. Wasichana nao walikuwa na wao. Vijana walipata pesa kwa kupika pombe ya shayiri na kuandaa karamu katika nyumba ya kanisa, jengo lililokuwa na meza, vikombe na sahani za jumuiya. Wanakijiji na majirani walikuja, wakanywa, wakalipa, na faida ikaenda kununua nta. Wasichana walichangisha. Kalisi ilipoibwa mwaka ule wa 1534, hawa ndio waliojitokeza: vijana wa kiume na wasichana wa Morebath walikusanya pesa na kanisa likapata kalisi nyingine.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Katika kijiji cha karne ya 16, msichana asiyeolewa hakuwa na nafasi ya kusimama mbele ya wazee kuzungumzia fedha za umma. Katika kanisa la Morebath alikuwa nayo. Wajane nao walishika zamu ya ulinzi wa kanisa, kwa kuwa zamu ilizunguka kwa kaya, na mjane aliyekuwa mkuu wa kaya alihesabiwa sawa na wanaume. Kazi hiyo haikuwa na raha nyingi. Mtu alitakiwa kufuatilia madeni, kununua nta, kulipa fundi wa paa, kisha kusimama na kutoa hesabu mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni. Lakini iliwafunza uongozi watu ambao kwingineko hawakuhesabiwa.

Na Mtakatifu Sidwell je? Katika simulizi za Devon, Sidwell alikuwa msichana wa Exeter ambaye mama yake wa kambo aliitamani ardhi yake, akawashawishi wavunaji wamkate kichwa kwa fyekeo. Sir Christopher, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Devon, alimpenda mtakatifu huyu wa kwao. Alipofika Morebath alileta sanamu yake na kuiweka kanisani. Mwanzoni Sidwell alikuwa mgeni kijijini. Taratibu watu wakamzoea. Mwanamume mmoja alipokaribia kufa mwaka 1528 aliacha mzinga wa nyuki ili nta yake iwashe taa mbele ya sanamu hiyo. Wengine walitoa vitu vyao vya fedha, na kutokana na vitu hivyo akatengenezewa kiatu, kile kile alichokuja kukibeba mwizi. Na watu wakaanza kuwaita binti zao Sidwell.

Isidhaniwe kwamba kijiji kilikuwa pepo ndogo. Kwa miaka kadhaa ya 1530 waligombana vikali kuhusu malipo ya msaidizi wa padri, yule aliyepiga kengele, kuitikia sala na kubeba maji ya baraka. Kila kaya ilipaswa kumlipa kidogo, kwa peni na kwa mganda wa nafaka. Wapo waliogoma. Padri alihangaika, akaandika makubaliano, yakavunjika, akaandika mengine. Suluhu ilipatikana mwaka 1536. Kusoma kurasa hizo ni kama kukaa kwenye benchi la nyuma katika kikao ambacho kila mtu amekuja na neno lake: wanasikilizwa, wanarudiwa, wanabembelezwa, kwa sababu padri alitaka wote wakubaliane, hata kama ingechukua miaka.

Wakati wao wakigombania miganda, upepo mwingine ulikuwa unavuma kutoka London. Henry wa Nane alikuwa ameachana na Papa na kujitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza. Nyumba za watawa zikaanza kufungwa. Karibu na Morebath kulikuwa na nyumba ya Barlinch, ambayo watawa wake ndio waliomiliki ardhi ya kijiji. Ilifungwa, mali zake zikagawanywa, na dirisha moja la vioo vyake likaishia katika kanisa la Morebath. Wanakijiji walilipokea dirisha na kulifunga ukutani. Ni vigumu kujua kama waliliona kuwa bahati au dalili.

Dalili iliyo wazi ilikuja mwaka 1538. Serikali ya mfalme iliamuru taa mbele ya sanamu za watakatifu zizimwe nchini kote. Kila kanisa lilitakiwa kununua Biblia ya Kiingereza na kuanza kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kwa mtu wa leo amri ya taa inaweza kuonekana ndogo. Lakini katika Morebath kila mfuko ulikuwepo kwa ajili ya taa. Taa ilipozimwa, kondoo hawakuwa na kazi tena, walinzi hawakuwa na cha kulinda, vijana hawakuwa na sababu ya kupika pombe ya pamoja, wala wasichana ya kuchangisha. Mfuko mmoja baada ya mwingine ulififia. Mfuko wa wasichana ulikwisha, na wao wakatoweka kwenye hesabu, si kwa sababu kuna aliyewafukuza, bali kwa sababu mlango waliokuwa wakipitia haukuwepo tena.

Sir Christopher alitii. Alikuwa padri wa kijiji, na padri wa kijiji aliyemkaidi mfalme alijua kinachomngoja. Lakini kulikuwa na jambo moja aliloendelea nalo kimyakimya. Kwa haki, zaka ya sufu ya kondoo wa kanisa ilikuwa mali yake. Yeye hakuichukua. Kwa karibu miaka 20 aliiacha ilimbikizwe, peni juu ya peni, ili kanisa lake masikini lipate seti ya mavazi meusi ya misa ya marehemu. Kanisa lenye hadhi lilikuwa na mavazi hayo. Kijiji cha kaya 33 hakikuwa nayo, na padri hakutaka watu wake wazikwe kwa mavazi ya kuazima au yasiyostahili. Aliandika maendeleo ya akiba hiyo mwaka hadi mwaka, kama mtu anayesimulia mtoto anavyokua.

Mavazi yalipatikana mwaka 1547. Januari ya mwaka huo huo Henry alifariki, na Edward, mtoto wa miaka tisa, akatawazwa akizungukwa na washauri waliotaka mageuzi ya Kiprotestanti yaende mbali zaidi. Misa ya marehemu ilikuwa imebakiwa na miaka miwili tu. Miaka 20 ya kuweka akiba, miaka miwili ya kuvaa. Hakuna ukurasa katika daftari lote unaouma kuliko hesabu hiyo.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Sanamu zote ziliamriwa kuondolewa. Kondoo wa kanisa waliobaki waliuzwa. Karamu za pombe zilikatazwa, na nyumba ya kanisa ikakosa kazi yake. Aliyekuwa mlinzi mkuu wa kanisa mwaka 1548 alikuwa mwanamke, Lucy Scely, na mzigo wa kusimamia uvunjaji ulimwangukia yeye. Vitu vilivyokuwa vimenunuliwa kwa sufu, nyuki na pombe ya vizazi viliuzwa au kutawanywa majumbani mwa wanakijiji. Miaka michache baadaye, Sir Christopher alipotaka kueleza kanisa lilianza lini kuporomoka, alihesabu kuanzia zamu ya Lucy Scely. Hakumlaumu. Ilikuwa namna ya kijiji ya kutaja tarehe: mwaka ulijulikana kwa jina la aliyeshika ufunguo.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1549, kitabu kipya cha sala kwa Kiingereza kilianza kutumika kwa lazima katika kila kanisa la nchi. Misa ya Kilatini ikawa kosa la jinai. Kesho yake, katika kijiji cha Sampford Courtenay huko huko Devon, waumini walimlazimisha padri wao avae mavazi yake na kuisoma misa ya zamani. Habari zikaenea. Watu wa Cornwall walikuwa wameshainuka, na miongoni mwa malalamiko yao walisema baadhi yao hawakijui hata hicho Kiingereza wanachoambiwa wasalie. Waasi wakakusanyika na kuuzingira mji wa Exeter kuanzia mapema Julai.

Daftari la Morebath lina maelezo ya pesa zilizotolewa mwaka huo kuwasaidia vijana watano wa kijiji. Majina yao yameandikwa. Walipewa fedha na silaha walipokuwa wakienda kambini St David's Down, nje kidogo ya kuta za Exeter. Kwa muda mrefu mistari hiyo haikushtua mtu, hadi mwanahistoria Eamon Duffy wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipoisoma sambamba na matukio ya mwaka ule na kuona maana yake: kambi hiyo ilikuwa ya waasi. Kijiji kilichotii kila amri kwa miaka 11, kilichozima taa, kilichouza kondoo na kununua Biblia, kilikuwa kimewaandaa vijana wake kwa pesa za parokia na kuwatuma kupigana dhidi ya jeshi la mfalme. Na padri akaliandika tendo hilo la uhaini kwenye hesabu, kwa utaratibu ule ule wa miaka yote, kwa kuwa pesa za watu lazima zitolewe maelezo.

Exeter haikuanguka. Tarehe 6 Agosti jeshi la serikali, likiwa na askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani na Italia, liliukomboa mji. Maelfu ya waasi waliuawa katika mapigano ya majira hayo, na mateka wengi walichinjwa uwanjani. Robert Welsh, padri wa parokia ya St Thomas karibu na Exeter, alinyongwa kwenye mnara wa kanisa lake akiwa amevikwa mavazi yake ya misa, na mwili wake ukaachwa unaning'inia ili wenzake waone. Kati ya vijana watano wa Morebath, wapo ambao majina yao hayaonekani tena popote katika daftari.

Sir Christopher alibaki, na kalamu yake haikunyamaza. Lakini mtu aliyezoea mwandiko wa moyo wake huona tofauti: kurasa za miaka hiyo ni fupi, kavu, zimejaa madeni.

Edward alifariki Julai 1553, na Mary, aliyekuwa Mkatoliki, akarudisha misa. Hapo ndipo Morebath ilipojifichua. Watu walianza kuleta kanisani vitu ambavyo kwa miaka mitano hakuna aliyejua viko wapi, au wote walijua na hakuna aliyesema. Mmoja alileta sanamu ya Maria, pamoja na vinyago vya mfalme na malkia vilivyokuwa sehemu ya sanamu ya Mtakatifu George. Wengine walileta mbao za kuchongwa zilizotoka kwenye uzio wa msalaba mkuu, vitabu, vitambaa. Vilikuwa vimekaa majumbani mwao, huku kila kimoja kikiwa kosa la kumtia mtu matatani. Sir Christopher aliorodhesha kila kitu na kila aliyekileta, na furaha yake inapasua karatasi. Aliwasifu watu wake kwa kuvihifadhi.

Furaha ilidumu kama miaka mitano. Novemba 1558 Mary alifariki, Elizabeth akatawala, na kuanzia mwaka 1559 kitabu cha sala cha Kiingereza kilirudi, sanamu zikatoka kwa mara ya pili. Padri alikuwa sasa mzee. Wapo mapadri wa Uingereza waliojiuzulu au kukimbilia ng'ambo. Yeye alisoma ibada mpya kwenye kanisa lile lile, kwa watu wale wale, kwa miaka 15 iliyobaki ya uhai wake. Wasomaji wengine wameona huo kuwa udhaifu. Lakini mtu ambaye amewabatiza karibu wote waliokaa mbele yake, akawafungisha ndoa na kuwazika wazazi wao, uaminifu wake kwao una uzito ambao hauwezi kupimwa kwa kitabu cha sala peke yake. Alichokitetea tangu mwanzo kilikuwa parokia, na parokia ilikuwa watu hao.

Hesabu zake zilibaki kijijini. Padri mwingine wa Morebath, J. Erskine Binney, alizinakili na kuzichapisha mwaka 1904, baada ya kupambana na kurasa zilizokuwa zimejalidiwa bila mpangilio. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2001, Duffy alitoa kitabu chake juu ya sauti za Morebath, nacho kikashinda Tuzo ya Hawthornden mwaka uliofuata. Kanisa lenyewe lingali linatumika. Mnara wake ungali umesimama, ingawa jengo lilifanyiwa ukarabati mkubwa karne ya 19 chini ya msanifu William Butterfield, na mkono wake unaonekana kuanzia paa la mnara hadi ndani.

Kiatu cha fedha hakijapatikana. Sanamu ya Sidwell haipo, mavazi meusi hayapo, taa iliyolishwa kwa nta ya ule mzinga wa nyuki ilizimwa mwaka 1538. Lakini katika enzi ya Elizabeth, Jumapili baada ya Jumapili, mzee Sir Christopher alipoinua macho kutoka kwenye kitabu cha sala cha Kiingereza, miongoni mwa waliokaa mbele yake kwenye viti vya kanisa walikuwemo wanawake walioitwa Sidwell.